Sauti ya Mama Pacha

Sogeeni, wanangu, sogezeni na hicho kigoda karibu na kichwa changu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kupimwa kwa kijiko na sitaki kuimaliza kwa kupaza kama dalali. Wewe mkubwa wangu, zima simu. Wewe binti yangu, weka sindano chini, nguo ya mteja itangoja, mimi sitangoja. Na wewe Mwalimu, uliyesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba moto, ingia ukae, kwa sababu sehemu kubwa ya haya ni yako, na ukiona natia chumvi, nikatize.

Nimechoka. Sisemi ili mnionee huruma, nasema ili mjue kwamba nikinyamaza katikati ya neno sijakasirika, natafuta pumzi. Daktari aliongea nanyi pale barazani akidhani sisikii, lakini mtu aliyekula mkate wa kusikiliza watu zaidi ya nusu ya umri wake, masikio yake ndiyo yatakayokufa mwisho. Kwa hiyo tusidanganyane. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi maradhi yangu makubwa hayako kifuani.

Nianze na nyumba, kwa kuwa najua ndiyo inayomkereketa mkubwa wangu, huyu mpima ardhi, ambaye hata kitanda hiki akikitazama anakipima kwa macho urefu na upana. Nyumba hii ya kulala ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na anayetaka kuuza nusu yake amwambie kwanza mwenzake uso kwa uso. Lakini kile kiwanja cha nyuma, darasa refu la bati na chumba cha sauti kile tulichokiziba kuta kwa magodoro mabovu, hivyo si vyangu na havikuwahi kuwa vyangu, na wakili ameshaandika hivyo, nami nimetia dole gumba kwa kuwa siku ile sikuweza kushika kalamu. Usininunie, mwanangu. Sikiliza kwanza lile darasa lilijengwa juu ya nini, kisha ndipo uniambie kama ungependa kulirithi.

Mnajua mama yangu alivunja kokoto. Alikaa chini ya gunia lililotundikwa kwenye vijiti vinne, jiwe kalizungushia pete ya mpira wa tairi lisimtoroke, nyundo mkononi, tangu jua linachomoza, na jioni alikuwa mweupe kwa vumbi kichwa hadi vidole vya miguu, hata nilipokuwa mdogo nilidhani watu wote wa mjini ni weusi na sisi tu wa machimboni ndio kabila la weupe. Shangazi yangu alinichukua akanipeleka shule, nikajua kupiga chapa, nikaajiriwa kituo cha redio kupiga chapa habari. Nimezipiga miaka kumi na mmoja, wanangu. Na katika miaka hiyo yote watu wa machimboni waliingia kwenye habari mara mbili tu: siku kifusi kilipofunika watu sita, na siku mkubwa mmoja alipopita na msafara wake akasimama kunawa mikono. Mji mzima umesimama juu ya kokoto zao, lakini ukimuuliza mtu anakwambia hajawahi kuwaona.

Ndipo nikaacha kazi. Niliondoka na kinasa sauti kibovu kilichokuwa kinatupwa, nikakitengeneza, nikarudi machimboni, nikafungua kituo cha kunasa sauti za watu, nao wakaniita Bi Chapa. Wiki ya kwanza nilimwita fundi wa kuandika vibao vya maduka aniandikie kibao cha mlangoni. Mnamkumbuka, yule tuliyemwita Chokaa kwa jinsi alivyokuwa hana nguo isiyo na madoa. Alipanda ngazi, akaandika herufi mbili, akashuka. "Dada," akaniambia, "unaniandikisha kibao ambacho mtaa mzima hakuna wa kukisoma." Nikamjibu, "Basi kaa uwafundishe." Akakaa miaka tisa.

Hiyo ndiyo miaka niliyoishi, wanangu, nyingine nilikuwa nahesabu tu. Chokaa aliwapa brashi wanawake ambao mikono yao ilikuwa migumu kama kwato, wakachora nyuso zao wenyewe kwenye ule ukuta wa mawe wa barabarani, kila mtu uso wake, mpaka madereva wa malori wakawa wanapunguza mwendo. Jumamosi alasiri tulipandisha spika juu ya bati tukasoma habari za machimbo: mwamba upi umepasuka msiuendee, nani kajifungua, shule gani inapokea mtoto asiye na viatu. Watu walikuwa wanaacha nyundo. Mnajua kimya cha machimbo nyundo zikiachwa zote kwa pamoja? Binti yangu, wewe ulikuwa unasoma zile habari kwa sauti yako ya puani, na watu walikupenda hivyo hivyo.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sasa nafika pale ninapopakwepa. Miongoni mwa wavunja kokoto alikuwapo mwanamke mmoja, Mama Pacha, mjane, ana watoto wake wawili pacha wa miaka kumi, msichana na mvulana. Kipande cha jiwe kilimrukia kikamtoboa jicho la kushoto. Mwenye machimbo alimpa mapumziko ya nusu siku, na kesho yake akamtumia msimamizi kumuuliza kama bado anaitaka nafasi yake. Alirudi kazini na kitambaa usoni. Siku moja akaja mwenyewe kwenye chumba cha sauti, akakaa mbele ya maiki, akasema yote, dakika arobaini. Alipomaliza akanishika mkono. "Bi Chapa," akasema, "haya yabaki humu ndani. Watoto wakimaliza shule ya msingi utayatoa, uyapeleke hata mwezini. Kwa sasa kibanda changu kiko kwenye ardhi ya yule bwana." Nikampa mkono wangu. Mkono huu. Nilimwambia, "Nimekupa."

Baada ya miezi minane wakaja wageni kutoka redio kubwa, wamevaa vizuri, wana adabu, wanatafuta sauti ya kuwasha moto katika mioyo ya watu. Niliwapigia kanda kumi na mbili. Walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakatazama saa. Nikaona wanaondoka, nikaona miaka tisa yetu inaondoka nao kwenye gari, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ile kanda ya kumi na tatu, ya Mama Pacha. Hapana. Mkono hauendi wenyewe. Niliuchukua nikaupeleka.

Wakasema ni nzuri lakini ni ndefu. Nikakaa mezani na wembe na gundi ya utepe, nikakata. Dakika arobaini zikawa tano. Chokaa aliingia akanikuta nimezungukwa na vipande vya utepe kama kinyozi. Akauliza ni ya nani, nikamwambia. Akasema, "Dada, ulimpa mkono." Nikasema, "Jina lake nimeliondoa." "Mwanamke wa jicho moja mwenye watoto pacha," akasema, "machimboni wako wangapi?"

Mngedhani ningesimama hapo. Nilimwambia anaona wivu kwa sababu wageni hawakuuliza habari za michoro yake. Ulimi hauna mfupa, wanangu, lakini huvunja mfupa.

Ilitangazwa Jumatatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, jua kali, wasimamizi wa yule bwana wakaja na nyundo za machimbo hayo hayo wakakibomoa kibanda cha Mama Pacha. Nyinyi mnaijua habari hiyo kama ninavyowasimulia wageni: ukatili wa mwenye machimbo, mwanamke shujaa aliyethubutu kusema. Mkubwa wangu, umeisimulia hata kwenye harusi yako. Siyo hivyo. Yeye hakuthubutu, mimi ndiye niliyethubutu kwa mgongo wake. Alipita hapa uani na godoro kichwani, watoto nyuma, mmoja kabeba sufuria, mwingine kabeba madaftari. Nilikuwa nimesimama pale kwenye pipa la maji. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, kutukanwa kungenisaidia. Akasema, "Bi Chapa, umenisemea vizuri." Akaenda.

Chokaa ndiye aliyembebea godoro mpaka stendi. Aliporudi aliosha brashi zake moja moja, akazifunga kwenye gazeti, akatoka na hakurudi. Miaka kumi na saba sasa. Mimi niliwaambia watu wote, na nyinyi nikawaambia, kwamba Chokaa aliondoka kwa wivu, eti habari yetu ilipotangazwa alitaka jina lake litangulie. Mkaacha kumwamkia. Wewe mpima ardhi siku moja ulinijia na fahari, ukaniambia umekutana naye sokoni, kakunyooshea mkono ukaupita. Nilikusifu. Mchuma janga hula na wa kwao, nami niliwalisha janga langu mkiwa hamjui mnachokula.

Tuzo ilikuja kwa habari ile, ndiyo. Kibao cha shaba kile kilicho ukutani, na wafadhili, na darasa refu la bati, na meza, na kinasa sauti kipya. Sikuwaita hapa kuwaambia kwamba mazuri yale hayakuwa mazuri. Mamia ya watu wamejua kusoma mle ndani, nimewaona kwa macho yangu, kuna mama aliyesoma barua ya kumfukuza kwenye nyumba yake akaona imekosewa tarehe, akaishinda. Lakini kila nilipoingia mle, mguu ulijua unakanyaga nini. Ndiyo maana mmeniona miaka yote hii nafanya kazi kama punda wa kukodi. Mlidhani ni moyo wa kujitolea. Nilikuwa nakimbia nikiwa nimekaa.

Baada ya miaka sita nikamtafuta. Safari ya siku mbili, nikamkuta kwenye machimbo mengine, gunia lingine, nyundo ile ile. Alikuwa amezeeka upande mmoja. Nikamwangukia. Akaendelea kugonga jiwe lake mpaka likapasuka, ndipo akaweka nyundo chini. "Samahani nimepewa nyingi, Bi Chapa," akasema, "hazipikiki." Nikamuuliza anataka nini. "Nataka kanda yangu. Yote, siyo kile kipande chenu cha wageni. Watoto wangu wanakua, kile kipande wamekisikia redioni, wanadhani mimi ndiye yule."

Nikaahidi. Kwa mara ya pili nikampa mkono mwanamke yule. Na wanangu, sikupeleka. Kila mwezi nilisema mwezi ujao. Vipande nilikuwa nimevigandisha vyote upya, kanda ilikuwa nzima, ndani ya sanduku la nguo chini ya kitanda hiki, lakini niliogopa kwamba mtu akiisikia yote atajua mimi ni nani. Nikawa naona aibu kuliko ninavyoona huruma. Shikeni hilo hata mkisahau mengine: aibu ina meno makali, lakini haijawahi kumlisha mtu.

Miaka miwili iliyopita akaja msichana kuomba kazi ya kufundisha watu wazima. Mkampokea nyinyi wenyewe. Alikuwa na cheti kizuri na viatu vilivyoshonwa mara tatu. Binti yangu, wewe ndiye uliyeniambia, "Mama, tumepata mwalimu wa kweli." Mwaka mzima na zaidi nilikaa naye, nikala naye, nikamtuma dukani. Mvua zilizopita, asubuhi moja, akaja nilipokuwa nachambua mchele, akachuchumaa, akaanza kuchambua nami. Kisha akasema, "Mama, mimi ni mmoja wa wale watoto pacha wa Mama Pacha. Amefariki. Nilikuja hapa kwa ajili ya kanda tu. Nilikusudia kuiiba wiki ya kwanza niondoke zangu. Nikakuta darasa limejaa."

Huyu hapa. Msimtumbulie macho hivyo, mtamwonea. Ndiyo, ni yeye. Kaka yake ni dereva huko mbali, na alimkataza kuja.

Nilitoa sanduku. Tukaenda chumba cha sauti asubuhi ile ile, tukafunga mlango, nikaweka kanda, na vidole vyangu vilikataa kubonyeza, akabonyeza yeye. Na kitu cha kwanza kilichotoka, wanangu, kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, ni Mama Pacha anauliza: "Bi Chapa, hiki kidude kinakula nini? Maana kinanitazama kama mume aliyerudi nyumbani mikono mitupu." Na kicheko. Kile kicheko chake cha tumboni. Dakika arobaini zile, alicheka karibu nusu yake. Alimwigiza msimamizi anavyotembea. Alisema, "Jicho moja lina faida, sasa hivi mwenye machimbo namwona nusu, na nusu ile inanitosha." Kulia alilia mara moja tu, mwishoni, alipowataja watoto. Ndizo nilizochagua mimi, dakika tano zile. Nilikata kicheko chote kwa wembe nikabakisha kilio, nikawapa walimwengu, wakamhurumia, na mpaka leo kuna watu huko duniani wanaomkumbuka mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo. Nilikuwa nikijisifu kwamba tunawapa watu sauti. Sauti alikuwa nayo, tena inacheka.

Mwalimu alirudisha kanda mara tatu pale pa utani wa mume. Hakusema amenisamehe, nami namshukuru kwa kutosema. Alisema tu, "Kesho nitachelewa kidogo darasani." Na kesho yake akachelewa kidogo, akaingia, akaandika tarehe ubaoni.

Niinueni mto. Hivyo. Sasa sikilizeni amri zangu, maana pumzi inakwenda.

Mkubwa wangu, utakwenda kwa Chokaa. Yuko nyuma ya karakana ya matrekta, bado anaandika vibao. Usitume ujumbe, usimpigie simu, usiende na zawadi. Nenda kwa miguu yako, na mkono ule uliokataa mkono wake uutangulize wewe. Mwambie kwa maneno haya haya: mama alisema uongo. Akikufukuza, rudi siku nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini aliyeyamwaga ana wajibu wa kuinama.

Kwenye kabati la chumba cha sauti mna kanda mia tatu na kitu. Kila moja ina jina la mtu. Mrudishieni mwenyewe, au mtoto wake. Anayetaka ibaki kwetu, ibaki kwa neno lake. Anayetaka ifutwe, ifuteni mbele yake, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri. Na tangu leo asikatwe mtu kabla hajasikia mwenyewe mnachotaka kukikata.

Kile kibao cha shaba kitoeni ukutani. Msikitupe, shaba ni kitu. Mlango wa jikoni unapigwa na upepo, kinatosha kuuzuia.

Mwalimu. Kituo kile kitakuwa mikononi mwako, wewe na wale wavunja kokoto saba tuliowaandika kwa wakili. Nakupa mzigo, mwanangu, sikupi zawadi, na una haki ya kuukataa, hata sasa hivi, mbele yangu. Sitakulazimisha ujibu, nilishamlazimisha mama yako vya kutosha. Binti yangu, najua ulidhani kiti kile ni chako, na kwa kazi ulistahili. Usilie. Naomba ukae pembeni yake, umshonee darasa lile kama unavyoshona, ndani na nje, mshono usionekane. Akikosea mwambie. Akipatia mwambie pia, mimi sikuwa na tabia hiyo.

Kunizika ni haraka, bila hotuba. Atakayesimama kusema nilikuwa taa ya wanyonge, mpeni kiti akae. Na asininase mtu sauti hizi za mwisho. Nimeshasema, inatosha kwenu.

Njooni niwashike. Mkubwa wangu, Mungu akupe ardhi isiyo na ugomvi, na akupe kupima na vile visivyopimika. Binti yangu, uzi wako usikatike, watoto wako wakucheke na wakuheshimu, vyote viwili. Mwalimu, sina haki ya kukubariki. Nakuombea tu. Kwa Mungu wa mama yako nakuombea.

Nafikiri... jua limefika dirishani? Vuteni pazia kidogo. Basi, wacheni.

Jambo moja bado. Nikiwa nimekufa kesho, darasa lisifungwe. Sikilizeni. Lisifungwe hata kwa siku moja. Wale akina mama wanaokuja saa tisa wamefika kwenye ile herufi ngumu... ile ya ng yenye kistari chake juu... jana waliishia pale, wakacheka, wakasema hii inatoka puani. Msiwaache hapo katikati, mtu akiachwa katikati ya herufi harudi. Waanzieni na ng'ombe, ng'ombe kila mtu anamjua. Kisha ng'oa. Kisha... ng'ambo. Polepole. Yule mama wa mwisho dirishani haoni vizuri, msogezeni mbele. Mwandikieni kubwa. Kubwa zaidi...

Nendeni sasa. Saa tisa si mbali.